Kaa, Mgeni

Kaa, mgeni. Kiti ni cha Genivaldo, mlipe yeye,
mwavuli pia ni wake;
changu mimi ni mkebe huu wa bati,
mshikio wa waya, makaa machache ndani,
na jibini kijitini nitakayokuchomea hapahapa
mpaka ikulilie menoni, kwii, kwii.
Wataka oregano? Au asali ya miwa?
Vyote viwili, basi.
Una uso wa mtu aliyetoka kwenye baridi.

Mimi Edvânia, wa kule Pina.
Miaka ishirini na miwili naupima mchanga huu kwa nyayo,
hadi kanisa dogo, kisha narudi,
na moto mkononi chini ya jua,
kama mtu anayempelekea bahari chumvi.

Waniuliza vya kutazama.
Tazama kwanza kibao chekundu kile, chenye papa.
Ndiyo, ni kweli. Hapana, sijawahi kumwona.
Ndiyo maana sisi wa Recife huoga tumeketi,
maji yakipwa, nyuma ya ukuta wa mwamba,
mawimbi kiunoni, bia mkononi,
tukibishana kuhusu mpira na bei ya gesi
kana kwamba bahari ni sebule ya shangazi.
Wageni hucheka.
Kisha nao huketi.

Tazama na kivuli.
Saa nane ikishapita, maghorofa yanainama,
yanaumeza mchanga kiti baada ya kiti,
na Genivaldo anahamisha wateja
kidogo, kidogo, kuelekea majini,
akilifuata jua kama mtu anayedai deni.
Hapa jua halizami baharini.
Linazama nyuma ya matajiri.

Na kanivali ikifika, uje umwone Joabe wangu
akicheza frevo na kimwavuli cha rangi nne
kisichokinga jua, kisichokinga mvua.
Nilimwuliza, "Sasa hicho kina faida gani?"
Akaruka, akachuchumaa, akakipitisha chini ya goti,
miguu yake ikaandika kitu hewani
ambacho sikuweza kukisoma
na nikakielewa.
Mvua za Juni zilipotoboa paa, tulikijaribu jikoni.
Kiliokoa sukari.
Basi.

Jana kulikuwa na mtoto, pengo mbele ya kinywa,
midomo imejaa asali. Akaniuliza,
"Wewe unaoga lini?"
Nikafungua kinywa nimjibu, nikakuta hamna kitu.
Miaka ishirini na miwili, mgeni,
na maji haya nayajua kwa vifundo vya miguu tu.

Jioni maji yalipwa hadi mwamba ukatoa meno.
Nikabaki na vijiti viwili visivyouzika.
Nikauweka mkebe juu ya jiwe, nikajikunja sketi,
nikaingia kwenye kidimbwi kisichozidi kitanda changu.
Maji ya kifuu, bahari ya chungu.
Yalikuwa na joto la chai iliyosahauliwa.
Kaa mmoja, mdogo kama kifungo, akanitazama kwa macho ya vijiti,
akaenda upande, kama anayenipisha.
Nikakaa.
Magoti yangu, haya yanayolia usiku,
yakanyamaza.

Sikuliona wimbi. Nililisikia tu:
chsss, kaa la moto likakata roho,
mkebe ukaelea ukielekea Afrika.
Nikacheka peke yangu kama mwehu.
Kisha nikaufukuzia, kwani ni mkebe wa mama yangu,
nikapita pale maji yanapofika kifuani,
karibu na kibao chekundu,
nikaushika.

Usimwambie Joabe.

Haya, imeiva. Angalia, asali inadondoka kwenye shati lako.
Puliza kwanza.